Nilitoa taarifa ya washiriki hewa, sasa silali

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili, na ni mhasibu msaidizi katika shirika moja lisilo la kiserikali katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Jina la shirika nitalihifadhi. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuwa miongoni mwa wanaokuandikia, kwa kuwa nilijiona mtu wa kawaida, nisiye na ugomvi na yeyote.

Kazi yangu ilikuwa kuhakiki marejesho ya masurufu, yaani kuhakikisha kwamba fedha zilizotolewa kwa ajili ya semina na safari za vijijini zimetumika kama zilivyoombwa. Mwaka jana, nikipitia karatasi za mahudhurio za semina moja ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nilikuta jina na saini ya mama mmoja niliyemfahamu vizuri. Saini ilikuwa safi, ya kalamu ya bluu, na mbele yake pameandikwa posho na nauli aliyopokea kwa siku tatu. Mama huyo tulikuwa tumemzika wiki kadhaa kabla ya semina hiyo kufanyika, na mimi ndiye niliyekusanya rambirambi za ofisi na kuzipeleka kwa wafiwa. Nikatoa mafaili ya nyuma. Nikakuta mwandiko uleule umesaini kwa majina ya watu chungu nzima, wengine wakiwa wa vijiji ambavyo, kwa mujibu wa daftari la safari za gari, dereva wetu hakuwahi kufika.

Nilipomweleza mkuu wa kitengo alinijibu kwamba nifunge hesabu, mengine niwaachie wenyewe. Nilikaa na jambo hilo hadi nikaona nikisaini tena nitakuwa mshirika, ndipo nikaenda kuandika maelezo kwa mamlaka husika na kukabidhi nakala. Sikumwambia mtu ofisini, lakini mafaili yale yalikuwa yamepita mikononi mwangu peke yangu, kwa hiyo haikuchukua muda watu wakajua.

Tangu hapo nimehamishiwa chumba cha kuhifadhia vifaa vya ofisi, kwenye meza isiyo na kompyuta. Asubuhi nasaini kitabu, jioni naondoka, katikati sina kazi ninayopewa. Nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na nikiingia mahali tunapokunywa chai mazungumzo hukatika. Nimesikia wananiita mchomaji. Linaloniuma zaidi ni kwamba wafadhili wamesimamisha fedha kwa muda, na vijana wawili wa mikataba, ambao hawakuhusika na lolote, hawakuongezewa muda.

Mwili wangu umebadilika. Naamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio, vidole vikifa ganzi, pumzi zikikata, nikiwa na uhakika kwamba nakata roho. Chakula hakipiti, sketi zote zinanipwaya. Nilipimwa presha kwenye zahanati ikasoma 160 kwa 100, na muuguzi akaniambia nipunguze mawazo. Pikipiki ikisimama nje ya geti nazima taa. Nakala za zile karatasi nimeziweka chini ya godoro, na usiku huzitoa na kuzisoma kwa mwanga wa simu nikitafuta kama kuna mahali nilikosea. Jirani yangu mwenye duka la dawa huniuzia vidonge vya usingizi. Kuna usiku natamani nisiamke kabisa, lakini asubuhi nawaandalia watoto kwenda shule na maisha yanaendelea.

Mume wangu ni mtu mwema, ila anasema nilijitakia. Majuzi alinitumia habari za yule karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua sakata la ufisadi la Goldenberg akafa maskini, akaniuliza kama huko ndiko ninakoipeleka familia. Mama mkwe anaamini nimetupiwa kitu na anataka nipelekwe kwa mtaalamu kijijini. Mwanangu wa miaka tisa hataki kwenda shule kwa sababu mtoto wa mfanyakazi mwenzangu amemwambia mama yake anafunga watu. Rafiki yangu mmoja anasema nimwone daktari wa akili, lakini ofisa utawala alishanitamkia mbele ya watu kwamba nikapimwe akili, nami naogopa nikienda nitakuwa nimewapa ushahidi. Kadi ya bima yenyewe ni ya mwajiri. Watu wakisikia hayo watasema nimefikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Je, ndiyo napata wazimu? Je, nikafute yale maelezo ili tuishi? Na hili ni dogo lakini linanisumbua: mama mzazi wa mfanyakazi mwenzangu amefariki, wenzangu wamechanga bila kuniambia, sijui kama niende msibani au nibaki nyumbani.

Ni mimi,
Mhasibu, Kanda ya Ziwa

* * *

Marahaba, mwanangu.

Naanza na sentensi uliyoipitisha haraka katikati ya barua yako, ile ya kutamani usiamke, kwa sababu umeiandika kana kwamba ni jambo la pembeni na kuifunika upesi kwa habari za watoto na shule. Kutamani kutokuamka ni dalili ya ugonjwa, nayo hutibika, lakini haipaswi kusubiri mpaka uchunguzi wa kesi uishe. Leo hii mwambie mtu mmoja mzima kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, awe mumeo, dada yako au huyo rafiki. Vidonge ulivyo navyo, na sumu ya panya au dawa ya mazao kama ipo nyumbani, akae navyo yeye. Na siku yoyote ambayo wazo hilo litageuka kuwa mpango wa namna ya kufanya, usingoje kupambazuke: nenda idara ya dharura ya hospitali ya mkoa ukiwa na mtu wa kukushika mkono, na useme wazi kilichokuleta. Kumweleza daktari mawazo ya namna hiyo si kosa kisheria, ingawa najua wengi hunyamaza wakidhani ni kosa.

Sasa hilo la wazimu. Mimi si daktari na siwezi kukupima kwa barua, lakini uliyoyaeleza hayafanani na mtu aliyepoteza akili, bali na mtu ambaye mwili wake umekaa katika hali ya hatari kwa muda mrefu kupita kiasi. Mtu anapotishwa, mwili humwaga homoni zinazoongeza mapigo ya moyo, kupandisha presha, kuondoa hamu ya kula na kufukuza usingizi, na hayo yote yana kazi yake kama tishio ni la dakika kumi. Tishio lako lina meza, lina kitabu cha kusaini na linakungoja kila asubuhi, kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kushuka. Unachokipata saa tisa usiku ni shambulio la hofu: ukipumua haraka na kwa juujuu, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, vidole hufa ganzi na kifua hubana, na ganzi hiyo hukuongezea hofu. Kwa kawaida hupanda, hufika kileleni na kushuka lenyewe ndani ya dakika chache. Likija, keti, weka miguu sakafuni, na utoe pumzi polepole kwa muda mrefu zaidi ya unavyoivuta, hata kama mara za kwanza utaona haisaidii. Hata hivyo kwa umri wako, na kwa presha hiyo, daktari aupime moyo kabla hujahitimisha kwamba ni hofu tu.

Wala si wewe peke yako. Mwaka 2018 kulichapishwa utafiti mdogo wa Uholanzi uliohusisha watu 27 waliotoa taarifa za uovu kazini, na takribani asilimia 85 kati yao walikuwa na dalili kali za wasiwasi, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), kutoamini watu, hofu ya kutoka nje au kukosa usingizi, karibu nusu wakiwa wamefikia kiwango kinachohitaji tiba. Watu 27 ni wachache, na Uholanzi si Kanda ya Ziwa. Lakini miaka 25 kabla yake, mwaka 1993, jarida la British Medical Journal lilikuwa limechapisha uchunguzi wa watoa taarifa 35 wa Australia, na picha iliyotoka humo ni ileile: kuhamishwa vyumba, kutengwa, kunyimwa kazi, kisha kuugua. Aliyeuandika, Jean Lennane, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwenyewe aliwahi kufukuzwa kazi hospitalini baada ya kupinga hadharani kupunguzwa kwa huduma. Miongoni mwa mbinu alizozikuta waajiri wakizitumia ni kumsukuma mtoa taarifa kwa daktari wa akili, ili hoja ihame kutoka kwenye karatasi alizozitoa na kwenda kwenye kichwa chake. Kwa hiyo kauli ya ofisa wenu wa utawala ilianza kutumika zamani, tena mbali.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kwa sababu wanatumia tiba kama tusi, wewe unaikimbia tiba, na matokeo yake unaugua bila msaada mbele ya macho yao. Kwenda hospitali kwa hiari yako, kwa daktari uliyemchagua mwenyewe, ni kitu tofauti kabisa na kupelekwa na mwajiri. Daktari anabanwa na maadili ya taaluma yake kutunza siri ya mgonjwa. Kama kadi ya bima inakutia wasiwasi, iache nyumbani siku hiyo na ulipe taslimu, kwa kuwa gharama ya kumwona daktari wa nje katika hospitali ya serikali si kubwa kiasi cha kukushinda. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, na mtu hukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wa presha na kisukari. Mirembe ni hospitali ya Dodoma yenye wataalamu wanaotibu watu kila siku, na ni sisi mitaani tulioigeuza jina la kutishiana. Lakini kwa hali yako sioni hata kwa nini safari ya Dodoma ihitajike.

Mweleze daktari kila kitu pamoja na habari ya kazini, maana ukisema silali tu utapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Pengine atakuuliza dodoso fupi la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambalo lipo kwa Kiswahili na hutumika sana hapa kwetu kupima sonona. Jibu kweli, hasa swali la mwisho. Akikuandikia dawa ya sonona, ujue kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake yote, na wengi huiacha siku chache tu baada ya kuianza wakidhani haifanyi kazi. Akikupa nafasi ya kuzungumza na mshauri nasaha, ichukue. Na hivyo vidonge vya jirani, mpelekee daktari paketi yake ajue ni nini. Vingi vya aina hiyo hulevya mwili ukavizoea, na kama umevitumia kwa wiki nyingi usiviache ghafla, daktari atakupunguzia taratibu. Jirani yako anakusaidia kwa nia njema, lakini kuuza dawa ya usingizi bila cheti kwa mtu mwenye mawazo uliyonitajia ni hatari.

Presha pia isiachwe kwenye kauli ya kupunguza mawazo. Kipimo kimoja, tena kwa mtu mwenye hofu, hakitoshi kukuita mgonjwa wa presha, ila 160 kwa 100 iko juu ya kiwango cha 140 kwa 90 na inadai ufuatiliaji. Pima tena siku tofauti, baada ya kukaa kimya kama dakika tano, mkono ukiwa umeegemezwa mezani, uandike tarehe na namba. Ikibaki juu utatibiwa kama watu wengine wote, hata kama chanzo ni ofisi.

Kuna haki moja ambayo wafanyakazi wengi wa sekta binafsi na mashirika hawaitumii kwa kutoijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, alimradi awe na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Ukiandikiwa mapumziko, ile karatasi tunayoiita ED, mwombe daktari aandike muda tu bila kueleza undani wa ugonjwa, uikabidhi kwa barua, na nakala yake isainiwe kwamba imepokelewa. Wiki mbili mbali na chumba kile cha vifaa zinaweza kukusaidia kuliko chochote nitakachoandika hapa. Wakati huohuo usisaini barua ya kujiuzulu, hata siku ambayo utakuwa umechoka kabisa, ndiyo wanayoisubiri. Ikitokea wakakuachisha, una siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuhusu uhalali wa kuachishwa, na kwa migogoro mingine ya kikazi ni siku 60. Siku hizo hupita haraka sana kwa mtu asiyelala, kwa hiyo tafuta sasa mwanasheria, au kituo cha msaada wa kisheria, au chama cha wafanyakazi kama kipo, akusomee mkataba wako.

Kuhusu kufuta maelezo, sitakuamulia, ila nitasema ninavyoona. Ulichokieleza kwa mamlaka ni ulichokiona. Ukirudi leo ukasema hukukiona, utakuwa umejitia matatani wewe, huku mwandiko uliomo kwenye mafaili ukibaki palepale, na wenzako hawatakurudisha kwenye chai yao kwa sababu hiyo. Jambo unaloweza kulifanya ni jingine: rudi kwa mpelelezi uliyempa maelezo, au piga namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ueleze kwa maandishi uliyofanyiwa baada ya kutoa taarifa, kuanzia kuhamishwa hadi kunyimwa kazi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda aliyetoa taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema akiwa na sababu za msingi za kuamini, na inakataza kulipiziwa kisasi kazini. Sitakudanganya kwamba sheria ikiandikwa basi inatekelezeka yenyewe. Haitakuletea usingizi wala marafiki. Lakini malalamiko yaliyoandikwa kwa tarehe yana uzito ambao maumivu ya kimyakimya hayana. Na usishawishike kuyamwaga mambo haya mtandaoni siku ukikasirika, maana kinga hiyo imewekwa kwa anayekwenda kwa mamlaka.

Uamuzi wowote mkubwa zaidi ya huo, iwe kuacha kazi, kuhama mji au kuachana na kesi, uahirishe mpaka umelala usiku kadhaa mfululizo. Uchunguzi wa namna hii huweza kuchukua miaka, na wewe huwezi kukaa miaka hiyo ukiwa umeshikilia pumzi.

Zile karatasi zitoke chini ya godoro. Mamlaka ina nakala, kwa hiyo zako ni za akiba, na akiba haisomwi kila usiku. Ziweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwanasheria, au kwa ndugu asiyeishi nawe, mradi ujue ziko salama. Unapozisoma saa tisa usiku huwi mhasibu anayehakiki, kwani ulishahakiki mchana ukiwa na akili timamu. Saini ya marehemu haitabadilika ukiitazama mara nyingine. Badala yake uwe na daftari moja, ulijaze saa za jioni mapema na si kitandani: upande mmoja andika lililotokea, tarehe, saa na nani alikuwapo, upande wa pili andika unachokihofia. Pikipiki iliyosimama getini inaweza kuwa ya bodaboda aliyemleta jirani, nayo itakaa upande wa hofu hadi siku utakapoiona tena na tena, ikiwa na namba ileile. Namba hiyo ikijirudia, ihamishe upande wa kwanza na uitoe taarifa polisi. Sisemi kwamba hofu yako haina msingi. Watu wamewahi kudhuriwa kwa mambo haya. Mwaka 2021 huko Johannesburg, Babita Deokaran, ofisa wa fedha wa idara ya afya aliyekuwa akifuatilia malipo yenye shaka, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kwa hiyo badilisha njia na saa za kutoka, mtu ajue ulipo, taa ya nje iwake. Ukishafanya hayo, kuzima taa za ndani kila injini inapolia hakukuongezei usalama wowote.

Mumeo alikutumia habari za David Munyakei. Ni habari za kweli: alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya, nyaraka alizozitoa zilisaidia kufichua Goldenberg, akakamatwa mwaka 1993 na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali, akaachiwa baadaye lakini kazi hakurudishiwa, na akafariki mwaka 2006 akiwa fukara. Ninachokisoma mimi katika ujumbe huo ni hofu ya mwanamume asiyejua ada ya shule itatoka wapi. Neno la kwamba ulijitakia linauma, na ana haki ya kuambiwa kwamba linauma, lakini usilijibu usiku wala mbele ya watoto. Mchague saa njema, umwonyeshe namba za presha, umwombe akusindikize kliniki na aingie nawe ndani. Kisha kaeni na karatasi mhesabu mshahara wake unafika wapi kama wako ukikatika, ni deni gani linaweza kusogezwa, na ni ndugu yupi anaweza kusaidia ada ya muhula mmoja. Watoa taarifa wengi huelemewa na shida ya fedha, na hofu ikishakuwa na tarakimu huwa rahisi kuibeba watu wawili.

Hao vijana wawili wa mikataba umewabeba mgongoni, na sioni kwa nini. Fedha zilisimama kwa sababu kulikuwa na semina zisizo na watu na watu wasio hai wanaolipwa posho. Aliyesaini ndiye aliyehatarisha ajira zao, na pengine hao vijana wenyewe wanalijua hilo kuliko unavyodhani. Kama unamfahamu mmojawapo na unaweza kumwandikia barua ya mapendekezo ya kazi, mwandikie.

Mtoto usimfiche. Katika uchunguzi ule wa Australia, kati ya watoto 77 wa familia zilizoulizwa, 60 walikuwa wameathirika. Mwambie kwa lugha yake kwamba mama aliona watu wakichukua fedha zisizo zao akasema, na kwamba baadhi ya watu wamekasirika, na kwamba yeye hakukosea chochote. Umwone mwalimu wake wa darasa, umweleze kwa kifupi, ili yule mwenzake azungumziwe bila kuaibishwa.

Mama mkwe anakupenda kwa namna anayoijua. Ukitaka maombi au dua, pokea, kuna faraja ndani yake na kuna watu watakaokaa nawe. Kwa mtaalamu wa kijijini mkatalie kwa heshima kupitia mumeo, kwa sababu utarudi na dawa usizozijua juu ya zile za jirani, na pengine na jina la mchawi, ambaye bila shaka atakuwa mtu wa ofisini kwenu. Hilo la mwisho likitokea, kesi yako yote itageuzwa kuwa hadithi ya uchawi.

Kuhusu msiba, nenda. Aliyefiwa ni mwenzako, na hawajakuzuia wao, wamekunyamazia tu. Nenda na dada yako au rafiki asiye wa ofisini, siku ya kawaida ya matanga badala ya siku ya mazishi ambapo ofisi nzima itakuwapo. Rambirambi yako mkabidhi mfiwa mwenyewe mkononi, usiipitishe kwenye mchango wa ofisi. Kaa na kina mama, saidia kumenya viazi kama wanamenya, na mtu akitaka kuzungumzia habari za kazini mwambie hapa tumekuja kwa msiba. Ukichoka, aga uondoke. Saa moja inatosha.